Mayungiyungi ya Kusini: Simulizi ya Safari Kutoka Ruvuma hadi Rutamba

Jumatatu, Mtwara mjini

Safari hii ina shabaha moja: kulitazama yungiyungi la buluu katika maji ya asili ya mikoa ya Mtwara na Lindi, na kuchunguza kama linaacha kizazi. Naliweka swali hivyo makusudi, kwa sababu watu wengi wanaopita kando ya bwawa lililotapakaa maua hudhani kwamba bwawa hilo ni zima, ilhali ua hutoa habari za mmea uliokwisha kukomaa tu. Yungiyungi huishi kwa kiazi kilichojificha matopeni, na kiazi hicho chaweza kuendelea kutoa majani na maua mwaka baada ya mwaka hata pale ambapo maji yamechafuka kiasi kwamba mbegu hazioti tena. Kwa hiyo nimekusudia kutazama chini ya maji kwanza, halafu juu.

Wataalamu wa mimea huliita Nymphaea nouchali, jina lililotolewa mwaka 1768, na aina yake ya Afrika yenye maua ya buluu huongezewa neno caerulea. Liko pia yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, lililopewa jina na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Hilo hufungua maua yake usiku, na ukingo wa jani lake una meno yaliyochongoka. Yote mawili ni wenyeji wa Afrika, na hayahusiani kabisa na gugumaji lililovamia Ziwa Viktoria kutoka Amerika ya Kusini. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimewahi kusikia watu wazima, tena wenye nia njema, wakihimiza vijana wang'oe mayungiyungi kwa kudhani kwamba kila jani linaloelea ni adui.

Ninasafiri na mwalimu mwenzangu wa baiolojia, kijana mwenye mkono mzuri wa kuchora. Mizigo yetu ni michache: sahani nyeupe ya bati iliyotobolewa na kufungwa kamba ya kupimia uangavu wa maji, bildi ya kupimia kina, madaftari, na mabuti marefu ya mpira. Mvua za masika zimekwisha, kusi inavuma, na maji ya mabwawa yametulia. Huu ndio wakati wake.

Jumanne, Kitaya

Tuliondoka alfajiri kuelekea kusini. Kando ya barabara wakulima walikuwa tayari wanapulizia mikorosho salfa, na harufu yake ilitusindikiza hadi bondeni. Tulipofika Kitaya tuliripoti kwanza ofisi ya kijiji, kama inavyompasa mgeni yeyote anayefika mpakani, nasi tukapewa mwenyeji wa kutuongoza, mzee mmoja mvuvi ambaye amevua katika bonde hili tangu ujana wake.

"Shikamoo, Mzee," mwenzangu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta samaki au mnatafuta maua?"

Tulipomweleza, alituambia tusipoteze muda mtoni. Mto Ruvuma wenyewe, unaotenganisha Tanzania na Msumbiji, una mkondo wenye nguvu na michanga inayohama kila msimu, na yungiyungi haliwezi kushika mizizi mahali ambapo sakafu haitulii. Makao yake ni mabwawa yaliyo pembeni. Mto huu, ukiwa katika bonde tambarare, hupinda na kupindika, na kila baada ya miaka kadhaa huikata shingo ya kona yake na kujifungulia njia mpya. Kona ya zamani hubaki pembeni ikiwa bwawa refu lenye umbo la mundu. Wakati wa mafuriko, mto huyatembelea tena mabwawa hayo, huyajaza maji, samaki na tope jipya, kisha hujirudia na kuyaacha yakiwa yametulia hadi masika mengine.

Mzee alitupitisha njia aliyoichagua yeye, mbali na mahali anapojua kuwa mamba huota jua, mpaka kwenye bwawa lenye upana wa kutupa jiwe. Ukingo wake wote umezungukwa na matete. Baada ya matete kuna ukanda wa maji mafupi uliofunikwa kwa majani ya mayungiyungi, mengine makubwa kama sinia, na katikati kuna maji meusi yasiyo na mmea wowote juu yake kwa kuwa kina kimezidi uwezo wa shina. Ndege mmoja wa kahawia mwenye shingo nyeupe na kipaji cha buluu alikuwa anatembea juu ya majani hayo kwa vidole vyake virefu mno. Ndege huyu hutaga mayai juu ya majani yanayoelea, na dume ndiye anayeyaatamia na kuwalea makinda. Hatari ikija, huwabana chini ya mabawa yake na kuondoka nao.

Tulipanda mtumbwi wa Mzee, yeye akishika pondo. Niliiteremsha sahani polepole. Niliendelea kuiona hadi dhiraa mbili na zaidi kabla haijapotea, na hiyo ni dalili njema sana kwa bwawa la bondeni. Kisha nililaza kichwa ubavuni mwa mtumbwi nikitazama chini kati ya majani. Yalikuwapo. Chini ya maji, juu ya tope, kulikuwa na vichipukizi vya majani membamba, yenye rangi inayoelekea wekundu, laini kiasi kwamba yalitikisika kwa mawimbi ya pondo tu. Hayo ndiyo majani ya kwanza ya mmea uliotokana na mbegu. Hayaelei. Hukaa chini ya maji kwa muda, yakijitengenezea chakula kwa mwanga unaopenya kutoka juu, mpaka mmea upate akiba ya kutosha kutuma jani lake la kwanza juu ya uso wa maji. Kiazi kilichokomaa kina akiba yake na chaweza kulisukuma jani kupita maji machafu mpaka likutane na jua. Mche wa mbegu hauna akiba hiyo, na maji yakiwa na tope siku zote, hufa gizani bila mtu kujua kwamba uliwahi kuwapo.

Mwenzangu aliniuliza swali la haki: ikiwa tope huua miche, mbona bwawa hili linalojazwa tope na mto kila mwaka lina miche mingi namna hii? Jibu limo katika muda. Mafuriko huleta tope lote kwa mkupuo, katika miezi ambayo mmea unajihifadhi kwenye kiazi chake au unarefusha mashina yake ili kuyafuata maji yanayopanda. Kisha mto hujiondoa, tope hutuama, na bwawa hupata miezi mingi mfululizo ya maji maangavu. Linalouhangaisha mmea huu zaidi ni tope dogo lisilokoma, linalochuruzika kila siku bila kuyapa maji nafasi ya kutulia.

Tuliporudi ukingoni, mjukuu wa Mzee alikuwa anatungoja. Alichukua shina la jani lililokwisha kunyauka, akalikata pande zote mbili, akaingiza ncha moja majini na kupuliza ncha nyingine. Mapovu yalitoka kwa wingi. Niliukata mshazari wake nikauweka kiganjani: katikati kuna matundu makubwa machache, na kuyazunguka kuna madogo mengi, yote yakipita moja kwa moja urefu mzima wa shina. Tope la bwawani halina oksijeni, na kiazi kinahitaji kupumua. Kwa hiyo jani hupumua kwa niaba yake. Matundu ya kupumulia ya yungiyungi yako juu ya jani, upande unaokutana na hewa, tofauti na mimea mingi ya nchi kavu. Jua linapolipasha jani changa, hewa iliyo ndani yake hupata msukumo, hushuka kwa shina hadi kiazini, kisha hupanda na kutokea kwenye majani yaliyozeeka. Kijana yule hakuhitaji somo hilo. Alitaka kujua tu kama maji ya Lindi nako yana shina linalopulizika.

Jumatano, Kitaya

Tuliomba kubaki siku ya pili ili tuliangalie ua moja tangu linapofumbuka hadi linapofumba, na Mzee alikubali kutukalisha mtumbwini asubuhi yote. Naandika kwa urefu kidogo hapa, kwa sababu sijaona maelezo ya kutosha ya jambo hili kwa Kiswahili.

Saa moja asubuhi ua lilikuwa bado limefumba, limesimama shubiri moja juu ya maji. Kwa nje linalindwa na sepali nne, yaani vijani vya kulifunika ua, za kijani zenye michirizi na madoa ya zambarau iliyokoza. Saa mbili na nusu sepali zilianza kuachana. Ilipokaribia saa nne ua lilikuwa wazi kabisa: petali nyingi zilizochongoka, buluu iliyokolea kwenye ncha na kufifia hadi kuwa karibu nyeupe kwenye kitako, na ndani yake duara la stameni (vijiti vinavyotoa chavua) za manjano ambazo kila moja ina kincha cha buluu kileleni. Katikati kabisa kuna kikombe kipana, na kikombe hicho kilikuwa kimejaa umajimaji mwangavu.

Umajimaji huo ni alama ya siku ya kwanza ya ua. Siku hiyo ua ni la kike tu. Chavua yake bado haijakomaa. Nyuki aliyetoka kwenye ua jingine akiwa amepakaa chavua mwilini hutua kwenye stameni zilizosimama wima na zenye utelezi, na mara nyingi huteleza na kutumbukia kikombeni. Umajimaji humwosha, chavua humtoka na kuzama mahali panapostahili, naye hujikokota nje kama ana bahati. Tuliwaona watatu wakitumbukia. Wawili walitoka. Mmoja alizama, na mwenzangu alimchora akiwa ndani ya kikombe.

Ua la jirani, ambalo Mzee alitueleza kuwa lilifumbuka tangu jana, halikuwa na umajimaji. Stameni zake zilikuwa zimeinamia ndani na kukifunika kikombe, na chavua ilikuwa inamwagika. Siku ya kwanza ua hupokea, na siku zinazofuata hutoa. Kwa mpangilio huo halijichavushi lenyewe kwa urahisi, na kila mbegu ina nafasi kubwa ya kuwa na wazazi wawili. Nyuki waliokuwa kwenye ua hilo la pili walifanya kazi bila bughudha wala hatari.

Kufikia saa kumi alasiri maua yote yalikuwa yamefumba. Ua hufanya hivyo kwa siku tatu au nne, na baada ya hapo shina lake hujipinda na kulivuta chini ya maji. Tunda hukomaa huko chini, likiwa na umbo la mpira laini wa sponji, na likipasuka hutoa mbegu ndogo nyingi, kila moja ikiwa imevikwa utando wenye hewa. Utando huo huziwezesha mbegu kuelea kwa muda mfupi, upepo ukazisambaza, kisha utando huoza na mbegu huzama. Mzee alitupasulia tunda moja. Alisema mama yake alikuwa akizianika mbegu hizo na kuzikaanga, na kwamba viazi vyenyewe viliwahi kuliwa katika bonde hili wakati wa njaa, vikichemshwa na maji yake kumwagwa ili kupunguza ukali. Hakukizungumzia chakula hicho kwa huzuni. Alisema kilikuwa kizuri, ila kukichimba ni kazi ya nusu siku ndani ya maji ya kiuno.

Alhamisi, Kitere

Kitere tulifika wakati wa mavuno ya mpunga. Hapa kuna ziwa na kuna mashamba ya umwagiliaji, na haki ya mwanzo ni ya mpunga, jambo ambalo sina ugomvi nalo: watu wanakula wali wa Kitere, wala hakuna anayekula maua.

Mayungiyungi tuliyakuta sehemu mbili. Ya kwanza ni ziwani, mbali na ukingo uliolimwa, ambako sahani yangu ilionekana hadi dhiraa moja. Ya pili ni katika mitaro ya kutolea maji mashambani, ambako yamejaa mpaka mkulima mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anapeta mpunga, alitulalamikia.

"Kila mwaka tunayafyeka na kuyazoa kwa jembe, Mwalimu, na kila mwaka yanarudi. Yakiachwa maji hayatembei."

Nilimwambia ana haki ya kuyazoa, na nilimaanisha. Mtaro umechimbwa ili maji yapite, na mmea unaopenda maji yaliyosimama ukiota ndani yake, basi ama mmea uondoke ama mtaro ufe. Tulichokiona mle mtaroni, hata hivyo, kilinipa mawazo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, sahani ilipotea chini ya shubiri moja, na ingawa majani yanayoelea yalikuwa mengi na maua hayakupungua, hatukupata hata jani moja changa chini ya maji. Yote yalikuwa yanachipuka kutokana na vipande vya viazi vilivyosalia baada ya jembe. Anayepita barabarani angesema mtaro huu una mayungiyungi mengi kuliko ziwa. Ni kweli, ila ni mmea uleule unaojirudia.

Niligeuza jani moja la mtaroni. Upande wake wa chini, wenye rangi ya zambarau na utelezi, ulikuwa na vifuko vya mayai ya konokono vinavyong'aa, na konokono wenyewe wadogo wenye kombe jembamba lililosokoteka. Lazima niliseme hili waziwazi kwa wasomaji watakaotaka kuingia majini kutazama maua: konokono wa jenasi ya Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo, na ugonjwa huo bado upo katika mikoa yetu. Maji yaliyotulia, mafupi na yenye majani, wanayoyapenda mayungiyungi, ndiyo hayohayo wanayoyapenda konokono hawa. Kimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, bila maumivu yoyote wakati huo. Kinga ni kutoingia majini bila mabuti, kutokojolea majini, na kumeza dawa ya prazikwanteli inapogawiwa shuleni. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake kwenye bwawa na awakalishe mtumbwini au kwenye ukingo mkavu. Mabuti yetu hayakuwa mapambo.

Ijumaa, njiani hadi Lindi

Siku ya barabara. Tulipita Mingoyo, tukavuka Mto Lukuledi unakokaribia kuishia kwenye ghuba ya Lindi, na humo hatukutafuta chochote, kwa kuwa maji yameshachanganyika na chumvi na yungiyungi haliivumilii. Mahali pake pameshikwa na mikoko. Vijijini, vitita vya ufuta vilikuwa vimesimamishwa kwenye vichanja vikikaushwa.

Jioni, tukiwa Lindi mjini, mwenzangu alikumbuka Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa mji huu ambako wanasayansi wa Kijerumani na mamia ya vibarua wa hapahapa walifukua mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Tabaka za miamba ile zina umri wa takriban miaka milioni 150. Ukoo wa mayungiyungi ni miongoni mwa koo zilizotangulia kabisa kujitenga na mimea mingine yote yenye maua, na visukuku vya jamaa zake vimepatikana katika miamba ya kipindi cha Kretasia, kilichofuata kile cha tabaka hizo. Sidai kwamba dinosaria wa Tendaguru walikanyaga maua haya. Nasema tu kwamba mkoa huu unasifika kwa viumbe wa kale waliokufa, na ungeweza pia kusifika kwa ukoo wa kale ulio hai.

Jumamosi na Jumapili, Rutamba

Kutoka Lindi tulielekea magharibi kwa gari dogo, kisha bodaboda. Ziwa Rutamba liko kilomita 40 hivi kutoka mjini, likiwa limezungukwa na vilima, na jina lake linajulikana kwa wataalamu wa mimea duniani kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea kando yake katika miaka ya 1934 na 1935, na vielelezo vilivyoandikwa jina la ziwa hili, kwa tahajia ya Lutamba, vimetunzwa katika makumbusho ya mimea ya nchi mbalimbali hadi leo.

Tulifika jioni, tukabahatika kulipata yungiyungi jeupe. Wavuvi waliotukodishia mtumbwi walitupeleka kwenye ghuba ndogo wakati jua linatua, na hapo, wakati maua ya buluu yalikuwa yamekwisha kufumba, meupe yalikuwa yanaanza kuachana, makubwa zaidi, yenye harufu tamu nzito. Hubaki wazi usiku kucha na kufumba asubuhi jua linapopanda. Kwa hiyo ghuba moja huwa na zamu mbili: nyuki wa mchana na wadudu wa usiku, hasa mbawakawa.

Asubuhi ya Jumapili tulianza kazi yenyewe. Wavuvi walitueleza kwamba upande wa mashariki kuna mashamba ya mboga yaliyofika hadi majini, na upande wa pili kuna ukingo wenye matete na mafunjo ambao haujaguswa kwa sababu ardhi yake ni ya kinamasi. Tulipima ghuba moja kila upande. Kina kilikuwa karibu sawa, pima moja na ushei. Maua yalikuwa karibu sawa kwa wingi. Mtu mwenye kamera angepiga picha zilezile pande zote mbili.

Kwenye ghuba ya matete sahani ilionekana hadi dhiraa moja na nusu, na chini ya maji kulikuwa na majani machanga ya kila umri, mengine madogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mengine yakiwa tayari yananyoosha shina. Kati yao walipita perege wachanga kwa makundi. Perege wengi wa jamii hii hulea vifaranga mdomoni mwa mama, na mama akiisha kuwatema huwaacha kwenye maji mafupi yenye majani ya kujificha. Mvuvi aliyeshika kafi alisema kwamba yeye hategi migono yake pale miezi hii, na wala hakuambiwa na mtu. Bata mmoja mdogo sana, mwenye uso mweupe, ubavu wa rangi ya kutu na mgongo wa kijani, aliogelea mbele yetu akila. Huyo ndiye bata mdogo kuliko wote barani Afrika, na chakula chake kikuu ni mbegu za mayungiyungi.

Kwenye ghuba ya mashamba sahani ilipotea kabla ya dhiraa moja. Tulitafuta kwa muda mrefu zaidi kuliko upande wa kwanza, tukibadilishana kulala ubavuni mwa mtumbwi, mwenzangu akitumia kipande cha bomba chenye kioo chini yake ili kuondoa mng'ao wa uso wa maji. Tuliona tope laini lililofunika kila kitu kama unga. Tuliona mashina manene ya mimea iliyokomaa. Mche hatukuuona. Kila asubuhi na jioni wakulima humwagilia, na maji yanayozidi hurudi ziwani yakiwa na udongo. Ni kidogo sana kila mara, lakini hayakosi hata siku moja.

Siwezi kutangaza hali ya ziwa zima kwa ghuba mbili. Hata hivyo, nilichokiona Ruvuma, Kitere na hapa kinaelekea upande mmoja, nami naamini kwamba ukanda mfupi wa matete ndio unaoamua kama mbegu ya yungiyungi itaona mwanga au haitauona. Matete huupunguzia mtiririko kasi, udongo hutuama kwenye mizizi yake, na maji yanayofika kwenye mayungiyungi huwa yamechujwa. Tunapozungumzia kulinda ziwa, huwa tunaelekeza macho katikati yake, kwenye maji makuu. Ilhali sehemu inayopotea kwanza ni dhiraa chache za ukingoni, ambazo kila mtu huziona kuwa si ziwa wala si shamba.

Jumapili, Rutamba

Asubuhi tulitembea kupitia msitu wa hifadhi wa Litipo, ulio kati ya Rutamba na ziwa dogo la Tandangongoro. Chini ya miti mikubwa udongo umefunikwa kwa majani makavu, na vijito vinavyotoka humo vilikuwa na maji yanayoonyesha mchanga wa chini. Hatukuwa na mtumbwi upande ule, kwa hiyo hatukupima chochote.

Alasiri mwenyekiti wa kijiji alituomba tueleze tulichokifanya, na watu wapatao nusu ya uwanja walikuja, wakiwamo wakulima wa ile ghuba ya mashariki. Niliwaonyesha michoro ya mwenzangu: jani la juu, jani la chini, mche. Niliwakumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Walikuwa wanaijua. Bibi mmoja mwenye bustani ya mchicha na bamia alisimama.

"Mjukuu wangu, mita sitini kutoka wapi? Kiangazi maji yako kule kwenye kisiki. Masika yako hapa mlangoni kwangu. Nipime kutoka kwenye kisiki au kutoka mlangoni?"

Swali hilo lina uzito kuliko hotuba yangu yote. Ufuko wa Rutamba ni tambarare, na mstari wa maji husogea mbali kati ya msimu na msimu. Ukipima kutoka kwenye maji ya kiangazi, mashamba yanabaki palepale na ukanda wa matete haupati nafasi, kwa kuwa matete yenyewe huota kwenye eneo linalofunikwa masika na kuachwa kiangazi. Ukipima kutoka kwenye maji ya masika, Bibi anapoteza bustani yake yote na hana nyingine. Nilimjibu kwamba kwa upande wa mmea jibu ni maji ya masika, na kwamba kwa upande wake yeye sina haki ya kumwambia aache kulima bila kuonyeshwa mahali pengine.

Mazungumzo yaliendelea bila mimi, na hivyo ndivyo ilivyofaa. Wengine walitaka serikali iwaletee pampu ili walime juu zaidi, na mkulima mmoja alisema hata bila pampu anaweza kuacha matuta matatu ya mwisho yaote matete, kwa sababu matuta hayo huzama kila mwaka na hayamlipi. Wengine wanne walisema vivyo hivyo kuhusu matuta yao. Mwenyekiti aliamua kwamba kabla ya mvua za mwaka huu vigingi vichomekwe mahali ambapo maji ya masika yaliyopita yaliacha alama ya takataka, wavuvi na wakulima wakivichomeka pamoja, na kwamba ofisi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iandikiwe barua ya kuomba mtaalamu aje kuuthibitisha mstari huo. Mwenzangu aliachiwa kazi ya kuandika rasimu ya barua, nami nimewaachia wavuvi ile sahani ya bati pamoja na kamba yake yenye mafundo, fundo moja kwa kila shubiri, ili wapime ghuba zote mbili kila mwezi na kuandika kwenye daftari linalokaa kwa katibu wa kikundi chao.